Kansa Haijulikani kwa Macho



Wapendwa wanakikundi, katika toleo hili tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo tunaulizwa karibu katika kila kikundi tunachotembelea. Mtu ana uvimbe. Amefika hospitali, na daktari amesema ni lazima akatwe kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara. Akirudi nyumbani, mkutano unaitwa. Mmoja anasema, "Kansa ikiguswa na kisu inaamka." Mwingine anauliza, "Kwani daktari haoni ni kansa? Si atoe dawa tu?" Miezi inapita, uvimbe unakua. Mwishowe kile kikundi ambacho hakikuchanga nauli ya kwenda maabara kinachanga pesa za jeneza.

Kwa hivyo leo hatuzungumzi juu ya dawa za kansa. Tunazungumza juu ya ule wakati kabla ya dawa. Kansa, au saratani, inajulikanaje? Ni nani anayeitambua, na anaangalia nini? Tukielewa hapo, woga mwingi utapungua, na tutajua pesa zetu kidogo ziende wapi kwanza.

DAKTARI TUSIYEMWONA

Wengi wetu tukisikia neno "mwanapatholojia" kwenye redio, ni habari za mochari. Mtu amekufa, na mwili unapasuliwa ili ijulikane alikufaje. Ni kweli hiyo ni kazi yake moja. Lakini kazi yake kubwa ni ya watu walio hai. Kinyama kilichokatwa kwenye titi, kwenye koo, kwenye tezi ya shingo au kwenye mlango wa kizazi hupelekwa kwake. Mgonjwa hamjui hata kwa sura, lakini daktari wa upasuaji na daktari wa dawa za kansa wote wanangoja karatasi yake ndipo waanze kazi.

Kwa nini wangoje? Kwa sababu macho na vidole vinadanganya. Msichana wa miaka 20 akiwa na uvimbe mgumu kwenye titi, mara nyingi si kansa. Mtu mwenye matezi shingoni anaweza kuwa na kansa, lakini pia anaweza kuwa na TB ya tezi, ambayo kwa kawaida inatibiwa kwa miezi 6 na dawa zake zinatolewa bure katika hospitali za serikali. Kwa nje, matezi hayo yanafanana. Sasa fikiria mtu wa TB akipewa dawa za kansa, au mtu wa kansa akimeza dawa za TB nusu mwaka huku ugonjwa unaenea. Wote wawili wameumizwa na kubahatisha.

MWILI NI KAMA NYUMBA YA MATOFALI

Mwili wetu umejengwa kwa vitu vidogo sana vinavyoitwa seli. Ni kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali, isipokuwa matofali haya yako hai. Yanazaa mengine, na yaliyozeeka yanakufa. Mwaka 1858 daktari mmoja Mjerumani, Rudolf Virchow, alichapisha kitabu huko Berlin akifundisha kwamba kila seli inatoka kwa seli nyingine, na kwamba ugonjwa lazima utafutwe ndani ya seli zenyewe. Mwanapatholojia wa leo bado anaifuata njia hiyo.

Kila seli ina maagizo yake: gawanyika sasa, simama sasa, kufa sasa. Ndiyo maana ukijikata na panga, ngozi inaota mpaka kidonda kinafunga, halafu inaacha. Haiendelei kuota mpaka iwe mlima. Kansa inaanza wakati maagizo hayo yameharibika katika seli moja. Kosa moja kwa kawaida halitoshi. Makosa yanajilimbikiza kwa miaka, moja juu ya jingine, na ndiyo sababu kansa nyingi zinawapata watu wa umri mkubwa. Mwishowe ile seli haisikii tena amri ya kusimama. Inagawanyika, watoto wake wanagawanyika, na wote wamerithi ukaidi ule ule.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Chukua punje moja ya maharagwe. Iongeze maradufu ziwe 2, halafu 4, 8, 16. Ukifanya hivyo mara 10 utakuwa na punje 1,024. Ukifanya mara 20 zinapita milioni 1. Ukifanya mara 30 zinapita milioni 1,000. Seli milioni 1,000 ni uvimbe wa kama sentimita 1, ukubwa wa punje ya hindi. Hapo ndipo mama anaweza kuusikia kwa vidole vyake kwa mara ya kwanza. Sasa angalia: kutoka hapo, ikiongezeka maradufu mara 10 tu zaidi, uvimbe unafika kama kilo 1, na mwili hauwezi kubeba mzigo huo.

Ndugu zetu, tusiipite hesabu hii haraka. Ule uvimbe tunaouita "kadogo tu, kameanza juzi" haukuanza juzi. Kama ni kansa, kwa hatua za kuongezeka, umeshatembea robo tatu ya safari yake. Zimebaki hatua chache, na kila hatua ni kubwa kuliko zote zilizotangulia. Mtu akisema "tungoje tuone", anangoja katika ile sehemu mbaya ya safari.

UVIMBE WA AINA MBILI

Si kila uvimbe ni kansa. Kuna uvimbe unaokua kama boga shambani. Unaweza kuwa mkubwa kabisa, lakini unabaki mahali pake. Unasukuma majirani bila kuwaingilia, na ukitolewa wote kwa kawaida umekwisha. Uvimbe wa mafuta chini ya ngozi ni wa namna hiyo. Uvimbe wa misuli ya kizazi unaowasumbua akina mama wengi pia ni hivyo. Unaweza kuleta damu nyingi na maumivu, lakini karibu wote si kansa.

Kansa ni kama ile nyasi mbaya yenye mizizi ya kutambaa. Inapita chini ya ua, inaingia shamba la jirani, na ukikata majani tu inaota tena. Mwilini pia kuna ua. Chini ya ngozi, na chini ya utando wa ndani ya koo, titi, tumbo na mlango wa kizazi, kuna ukuta mwembamba sana unaotenganisha seli za juu na nyama ya chini. Seli zilizoharibika zikiwa bado juu ya ua huo, hazijawa kansa kamili, na kwa kawaida zinaweza kuondolewa zote. Zikishapita ua, zinaweza kuingia katika mishipa ya damu na ya limfu, zikasafiri hadi tezi za kwapa, ini, mapafu, mifupa au ubongo na kupanda koloni huko. Kazi moja kubwa ya mwanapatholojia ni kuangalia ua huu: je, umevukwa?

Na kansa ikihama haibadilishi ukoo. Ya titi ikienda kwenye mfupa, mara nyingi kwenye hadubini bado inaonekana ni ya titi, na inatibiwa kama ya titi. Kwa hiyo wakati mwingine daktari anakata kinyama kwenye tezi ya shingo ili ajue ugonjwa umetoka wapi.

SAFARI YA KINYAMA

Kinyama kikishakatwa kinafanywa nini? Tufuate safari yake.

1. Kinawekwa mara moja ndani ya dawa inayoitwa formalini. Dawa hii inazuia nyama isioze na kuzifanya seli zibaki kama zilivyokuwa mwilini. Dawa iwe nyingi, angalau mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Maji hayafai, kwa sababu yanavimbisha seli na kuziacha zioze.

2. Maabara inakitoa maji yote, kisha kinazamishwa katika nta iliyoyeyushwa. Nta ikiganda, kinyama kimekuwa kigumu kama kipande cha mshumaa.

3. Kinakatwa kwa mashine vipande vyembamba mno. Kimoja ni chembamba kuliko unywele zaidi ya mara 10, na mwanga unapita.

4. Kinatandazwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Akina mama wanaosuka vyondo wanajua kwamba katani isiyotiwa rangi haionyeshi mapambo. Seli nazo hazionekani vizuri bila rangi. Rangi moja, ambayo asili yake ni mti wa Amerika ya Kati, inafanya viini vya seli viwe vya buluu. Rangi nyingine inafanya sehemu zilizobaki ziwe za waridi.

5. Mwanapatholojia anaweka kioo chini ya hadubini na kuangalia.

Safari hii inachukua siku kadhaa, na mahali pengine wiki kadhaa. Si kwamba mtu amelala kazini. Kinyama hakichemshwi kama chai.

ANAANGALIA NINI HASA?

Swali la kwanza: je, hii ni kansa? Seli nzuri zinafanana na zimepangwa kwa mstari kama watoto wa shule kwenye paredi. Seli za kansa ni vurugu. Moja kubwa, moja ndogo, viini vyeusi vilivyonona, nyingi zikigawanyika kwa wakati mmoja, na nyingine zimeshavuka ua.

Swali la pili: ni ya ukoo gani? Kansa si ugonjwa mmoja. Iliyoanzia kwenye ngozi au utando wa ndani ya viungo inaitwa kasinoma, na hii ndiyo ya watu wengi. Ya mifupa, misuli na mafuta ni sakoma. Ya tezi za limfu ni limfoma. Kila ukoo una dawa zake, hivyo dawa iliyomsaidia jirani yako inaweza isikusaidie wewe.

Swali la tatu: ni kali kiasi gani? Hii inaitwa gredi. Seli ambazo bado zinafanana kidogo na zile zilikotoka ni za gredi ya chini, na mara nyingi zinakua polepole. Zile zilizopotea kabisa, hata huwezi kujua zilikuwa seli za nini, ni za gredi ya juu.

Swali la nne: imefika wapi? Hii ni steji, na kwa kawaida huandikwa 1 hadi 4. Watu wengi wanachanganya gredi na steji. Gredi ni tabia ya mwizi, steji ni nyumba ngapi ameshaingia. Kuijua steji, madaktari wanajumlisha kipimo cha mwanapatholojia na picha za eksirei au skani. Uvimbe ukitolewa wote, mwanapatholojia anaangalia pia kingo zake aone kama kansa imefika kwenye mpaka wa kisu. Ikiwa imefika, huenda nyingine ilibaki ndani.

Kwa kansa ya titi kuna vipimo zaidi vya kuonyesha kama inalishwa na homoni za mwili. Vipimo hivi ndivyo vinavyoamua kama mama atafaidika na vidonge vya kuzuia homoni hizo. Kinyama kilichooza kwa kukosa formalini kinaweza kutoa majibu ya uongo hapa.

TULIJIFUNZA HAPA HAPA AFRIKA MASHARIKI

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akaona wengine, na mwaka 1958 akaandika juu ya ugonjwa huo. Mwanzoni alidhani ni sakoma. Wanapatholojia wa Kampala waliangalia vinyama vya watoto hao kwenye hadubini wakasema hapana, hii ni limfoma. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, wakiwa London, waliona virusi ndani ya seli zilizotoka kwa mgonjwa wa Uganda.

Jina lilipobadilika, matibabu yalieleweka. Ugonjwa huu haumalizwi na kisu, unayeyuka kwa dawa za kansa, na watoto wengi wanaoanza dawa mapema wanapona. Unapatikana zaidi penye malaria nyingi, na hapa Kenya ni hasa kanda ya Ziwa na Pwani. Huu ni mmoja kati ya vivimbe vinavyokua haraka sana, unaona tofauti kwa siku chache. Mtoto akivimba taya na meno yanalegea, tusiseme ni jino tu. Apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo.

JE, KISU KINAAMSHA KANSA?

Sasa turudi kwa lile swali la mkutano. Kinyama kikikatwa na daktari kwa njia inayofaa, hatari ya kueneza kansa ni ndogo sana. Hatari ya kukaa bila kujua ni kubwa mno. Imani hii ilitoka wapi? Ilitoka kwa yale tunayoyaona. Watu wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa, kansa imeshavuka ua na kusafiri. Wanakatwa kinyama leo, wanakufa baada ya miezi mitatu, na kijiji kinasema kisu ndicho kilichowaua. Lakini kilichowaua kilikuwa ndani kabla ya kisu.

Pia kansa haiambukizwi kwa kula pamoja au kumwosha mgonjwa. Tusimtenge mtu. Zinazoambukizwa ni baadhi ya virusi vinavyoweza kuleta kansa baadaye, na hivi vingi vina kinga. Virusi vya HPV vinaleta karibu kansa zote za mlango wa kizazi, na tangu mwaka 2019 serikali ya Kenya inatoa chanjo kwa wasichana kuanzia miaka 10. Virusi vya ini vya aina B vina chanjo ya watoto wachanga. Virusi hivyo, pamoja na sumu ya kuvu kwenye mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu, vinaharibu seli za ini. Sumu hiyo ndiyo ile iliyoua watu zaidi ya 100 huko Ukambani mwaka 2004. Kwa hivyo kukausha mahindi vizuri nako ni kujikinga na kansa. Tumbaku na pombe tunazijua.

Na kwa mlango wa kizazi, kutoka seli kuharibika hadi kuvuka ua kwa kawaida inachukua miaka 10 au zaidi. Hiyo ni miaka ya neema. Mama akipimwa wakati huo, kwa kipimo cha siki au kingine kilichopo kwenye kituo cha afya, seli zile zinaondolewa kabla hazijawa kansa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

• Tengeni pesa kidogo za "nauli na kipimo" katika mfuko wa kikundi, mbali na zile za mazishi. Kipimo kinakuja kwanza, kabla ya kuuza ng'ombe kwa sababu ya dawa ambayo haijulikani inatibu nini.

• Mwanachama akitumwa maabara, mmoja wenu amsindikize. Masikio mawili yaliyojaa woga hayasikii kila kitu.

• Mara nyingine jamaa anapewa kopo alibebe mwenyewe kwenye matatu. Hakikisheni limeandikwa jina, tarehe na sehemu ya mwili kilipotoka kinyama. Lisifunguliwe, dawa isimwagwe, maji yasiongezwe. Watoto wasilifikie.

• Andikeni namba ya kipimo na tarehe ya kurudi. Kuna majibu mengi yanayokaa kwenye faili za hospitali kwa sababu mwenyewe hakurudi. Msingoje kuitwa.

• Ombeni nakala ya ripoti muitunze pamoja na kitambulisho. Mkienda hospitali nyingine, karatasi hiyo inaokoa muda na pesa.

• Muulizeni daktari yale maswali manne: Ni kansa? Ya ukoo gani? Gredi gani? Steji gani? Si kukosa heshima. Ni haki ya mgonjwa.

• SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Kila mwanachama ajiandikishe akiwa mzima, na aulize hospitalini ni huduma gani zinalipiwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, mtu akipata uvimbe huenda wapi kwanza? Anakaa muda gani kabla ya kufika hospitali?

2. Mwaka jana kikundi chetu kilitumia pesa ngapi kwa mazishi, na ngapi kwa vipimo?

3. Maabara ya karibu inayopokea vinyama iko wapi, na nauli ni ngapi? Nani ataenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?

Yule Msamaria Mwema alimlipia mgonjwa gharama akiwa bado yu hai, hata hakujua jina lake. Sisi tunawajua wetu kwa majina. Hilo swali la tatu, tunaomba kila kikundi kilijibu na kumpa mratibu wa parokia jibu lake kwa maandishi, ili tutengeneze orodha moja itakayosaidia wote.

Mungu awabariki.